Usiku wa Matonge, Kinshasa: waliofika tupeane uzoefu

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, salaam. Wengi wetu tumekua tukisikiliza muziki wa Kinshasa, ama kwa redio za wazazi wetu, ama kwa wanamuziki waliovuka mipaka wakalowea Dar es Salaam na Nairobi, lakini nadhani ni wachache waliowahi kukesha katika mtaa ulioulea muziki huo. Nauzungumzia Matonge, uliomo katika komuni ya Kalamu, ambako Papa Wemba, aliyekuwa miongoni mwa vijana walioanzisha bendi ya Zaiko Langa Langa mwaka 1969, alikifanya kipande cha mtaa kuwa kijiji chake cha Molokai na kuasisi bendi yake ya Viva La Musica mwaka 1977, na ambako Franco, kiongozi wa bendi ya OK Jazz, alikuwa na ukumbi wake wa Un-Deux-Trois. Sihitaji orodha ya kumbi, kwa kuwa kumbi za huko hufunguliwa na kufungwa kila kukicha. Ninachotaka ni kusikia jinsi usiku wenyewe unavyokwenda.

Nianze mimi. Nilifika mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi, na ninaupendekeza msimu huo kwa yeyote mwenye nafasi ya kuchagua, kwa sababu hewa huwa na ubaridi kidogo na starehe za Matonge karibu zote hufanyika nje, ilhali kuanzia Oktoba mvua huweza kuvunja baraza katikati ya maongezi na kuzijaza barabara maji. Jambo lililonisumbua ni saa. Saa sita ya usiku ya Kinshasa ni saa nane kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam, nayo ndiyo saa ambayo bendi ilikuwa bado inapanga vyombo. Mgeni alale mchana. Bila hivyo atasinzia kabla ya wimbo wa kwanza.

Mwanachama wa Lubumbashi

Asante, ndugu mleta mada, ingawa ningependa kuongeza kwamba ukumbi si mahali pa kuanzia. Sisi tunaotoka Katanga tunapofika Kinshasa hupelekwa kwanza kwenye nganda, yaani baa ya uani au ya kando ya barabara, yenye viti vya plastiki, jiko la mkaa na spika kubwa kupita kiasi, na kwa maoni yangu mtu aliyekaa kwenye nganda nzuri hadi alfajiri ameiona Matonge kuliko aliyelipa kiingilio cha ukumbi wenye viyoyozi. Tulikaa karibu na Place de la Victoire, mahali ambapo nganda zimepakana kiasi kwamba nyimbo mbili au tatu husikika kwa pamoja, na wenyeji wala hawajali, kila meza inaufuata wimbo wake. Tuliagiza ntaba, ambayo ni nyama ya mbuzi iliyochomwa na kukatwa vipande vidogo, ikaletwa na vitunguu, pilipili na kwanga ya muhogo. Bia yao ni Primus. Mimi nilizoea Simba ya kwetu, na sikuacha kuwaambia hivyo, jambo ambalo lilizua mjadala mrefu na wa kirafiki.

Mezani hupita wachuuzi wasiokoma: wa mayai ya kuchemsha, wa karanga, wa sigara, hata wa viatu na mashati, hivyo unaweza kula, kunywa na kubadilisha mavazi bila kuinuka. Kuhusu lugha, Kilingala ndicho kinachotawala, kikifuatiwa na Kifaransa, lakini tuliposikika tukiongea Kiswahili, meza ya jirani ilitusalimu, kwani miongoni mwao alikuwemo mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa na hamu ya kusikia lugha ya nyumbani, na tangu hapo meza mbili zikawa moja.

Mpenzi wa dansi, Dar es Salaam

Mimi ni mtu wa muziki, kwa hiyo nitatofautiana kidogo na ndugu wa Lubumbashi: nganda ni tamu, lakini bendi ni bendi. Wimbo huanza taratibu, kwa rumba ya kuimbwa na kusikilizwa, watu wakiwa wameketi au wakicheza wawili wawili. Kisha magitaa yanaingia kwenye sebene, yaani sehemu ya kasi ya kucheza, atalaku anashika kipaza sauti na kuanza kupiga mayowe ya kuchochea dansi, na ukumbi mzima unasimama. Utaratibu huo tunaujua kutoka kwenye rekodi, lakini rekodi haiwezi kukuonyesha muda ambao sebene hurefushwa pale wachezaji wanapokolea, wala namna mpiga gitaa la solo anavyoitazama miguu yao kabla ya kubadili mdundo.

Kutuza kupo kama kwetu. Mwenye fedha hupanda jukwaani na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso, na majina ya wafadhili hutajwa katikati ya wimbo, desturi wanayoiita mabanga. Nakiri kwamba majina yakizidi hunichosha, kwa sababu kuna wakati wimbo wa mapenzi hugeuka orodha ya wafanyabiashara. Hata hivyo, UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, sikushangaa, maana pale nilimwona bibi wa makamo na mjukuu wake wakiimba beti zilezile bila kukosea neno.

Kwa asiye na fedha za kiingilio, au asiyeweza kukesha, mazoezi ya bendi hufanyika alasiri katika nyua za mitaani na majirani huyatazama kwa uhuru. Mimi niliyafurahia kuliko onyesho lenyewe.

Dada wa Nairobi

Naomba niseme machache kwa niaba ya wanawake. Nilikwenda na mke na mume wenyeji wa Kalamu, na sishauri mwanamke mgeni aende bila mwenyeji, si kwa sababu watu ni wabaya, bali kwa sababu mwenyeji ndiye anayejua kichochoro kipi kipitwe na kipi kiachwe baada ya saa saba. Wewa, yaani bodaboda zao, nilizipanda mchana tu. Usiku tulikuwa na dereva wa teksi tuliyeelewana naye mapema. Na vaeni vizuri! Kule mtu anapiga pasi suruali kwa ajili ya kiti cha plastiki.

Mwanachama wa Brussels

Huku kwetu Ixelles, karibu na Porte de Namur, tuna Matonge iliyopewa jina hilohilo. Ni pazuri kwa saluni, vitambaa na samaki, lakini kukesha hakufanani hata kidogo.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Dada wa Nairobi, je, malipo mlifanyaje, kwa dola au kwa faranga?

Dada wa Nairobi

Vyote viwili. Dola zinapokelewa, ila noti iliyochanika hata kidogo pembeni hurudishwa, kwa hiyo kagua noti zako kabla ya kusafiri. Kwa wachuuzi, kwa teksi na kwa kutuza, beba faranga ndogondogo za kutosha, kwani kumpa mwimbaji noti kubwa ukisubiri chenji haiwezekani.