Kidole cha roboti kinachanganya plastiki na mbao, na ikifika mchana hakitambui kitu

mkono_chuma:

Habari wakuu. Naunda mkono wa roboti wenye vidole viwili wa kuchambua takataka kwa kugusa tu, bila kamera. Vitu ni vitano: kopo la alumini, chupa ya plastiki, chupa ya kioo, kipande cha mbao na sponji. Kila kidole kina sevo yake (mota inayogeuka kwa pembe unayoiamuru), sensa ya nguvu ya utepe (duara la milimita 12.7) na themista (sensa ya joto) ya kilo-omu 10 iliyofunikwa kwa silikoni laini, Ecoflex 00-30, unene wa milimita 1.5. Rezista inapasha kidole hadi nyuzi 38 na inabaki hapo. ESP32, ile kompyuta ndogo ya chipu, inasoma moja kwa moja kwenye pini zake. Nashika kitu sekunde 3, kisha namba zinaingia kwenye programu ya kuainisha.

Asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 24 kinajitahidi. Mchana, nyuzi 32 (niko Dar, hakuna kiyoyozi), kila kitu kinaonekana sawa. Plastiki na mbao zinachanganywa hata asubuhi. Tena sensa ya nguvu nikiibana palepale namba inazidi kupanda yenyewe. Nianzie wapi kurekebisha?

FundiJoto:

Anzia kwenye joto, mkuu, maana ndipo pana makosa matatu yanayolindana.

La kwanza, nyuzi 38 za kudumu. Themista haipimi joto la kitu, inapima joto linavyotoroka kidoleni. Asubuhi una tofauti ya nyuzi 14, mchana zimebaki 6. Weka sensa ya joto la hewa na uamuru kidole kiwe nyuzi 15 juu ya chumba wakati wote. Silikoni inavumilia nyuzi 47 bila tabu.

La pili ni unene wa ngozi. Joto hupenya silikoni taratibu sana: chukua unene kwa milimita, zidisha kwa wenyewe, gawanya kwa 0.13, unapata sekunde kwa makadirio. Milimita 1.5 ni kama sekunde 17. Wewe unashika 3, kwa hiyo habari ya kitu haijamfikia themista ila chembe tu. Ukipunguza hadi 0.45 inakuwa sekunde 1.6. Namna ya kuipata: bandika kwenye kioo safi reli mbili za utepe wa umeme, kila reli tabaka tatu, mimina silikoni katikati, vuta rula ya chuma juu yake. Usivae glavu za latex. Ecoflex ikikutana na salfa ya mpira ule haigandi, inabaki inanata. Themista iwe ndogo, ile ya kubandikwa ya ukubwa wa 0603, ikae kati ya ngozi hii nyembamba na silikoni nene ya chini.

La tatu, pini za ESP32 zina kelele na hazisomi kwa mstari ulionyooka. Tumia ADS1115, chipu ya nje ya kusoma volti, biti 16, inatosha kabisa.

Sasa kwa nini plastiki na mbao. Kila dutu ina kiwango chake cha kunyonya joto inapoguswa: zidisha upitishaji joto, msongamano na uwezo wa kubeba joto, kisha chukua kipeuo cha pili. Kwa makadirio mbao ni 400, plastiki ya chupa 550, kioo 1500, chuma cha pua 7500, alumini 24000. Silikoni yako nayo ni kama 550. Sehemu ya joto inayoshuka pale juu panapogusana ni kiwango cha kitu kugawanya kwa jumla ya kitu na kidole. Mbao inatoa 0.42, plastiki 0.50, kioo 0.73, chuma cha pua 0.93, alumini 0.98. Ona hapo: kidole hujipima chenyewe pamoja na kitu. Chuma cha pua na alumini vimepishana mara tatu, lakini silikoni imevibana vikakaribiana.

Na hizo 0.50 za plastiki ni za bonge. Ukuta wa chupa ni kama milimita 0.3, joto linauvuka kwa sekunde 0.7 na kukuta hewa upande wa pili. Kuanzia hapo chupa tupu inafanana na mbao, na yenye maji inasogelea kioo. Joto peke yake haliwezi kukutenganishia hivyo viwili.

Kipimo_Sahihi:

Naunga mkono yote isipokuwa silikoni nene ya chini: isiwe 00-30. Ugumu una kanuni ileile ya kidole kujipima. Kidole na kitu ni springi mbili zilizofuatana, na iliyo laini zaidi ndiyo inayoonekana. Kwa 00-30 nene, kioo, mbao na hata chupa yenye kifuniko kilichokazwa vitatoa mstari mmoja. Chini weka silikoni ngumu zaidi, ya Shore A 30 hivi (Shore ni kipimo cha ugumu wa mpira), kisha bana pande nene la chuma, hifadhi mchoro wa nguvu dhidi ya umbali, na kwa kila nguvu toa ule umbali. Kinachobaki ndicho cha kitu.

Namba kupanda yenyewe ndiyo tabia ya sensa za utepe. Ukizikandamiza zinaendelea kutambaa, na ukiachia hazirudi kwa njia ileile. Zinafaa kukuambia umegusa au hujagusa. Kwa kupima ugumu tumia pau ya alumini ya kupima uzito hadi kilo 5, ile inayokaa ndani ya mizani ya jikoni, pamoja na HX711, chipu ya kuisoma. Kwa kawaida chipu hii inatoa vipimo 10 kwa sekunde. Pandisha pini ya RATE upate 80. Ukibana kwa milimita 1 kwa sekunde unapata kipimo kila milimita 0.0125.

Sevo nayo iondoe. Meno ya gia yana nafasi, kwa hiyo pembe uliyoamuru siyo mahali kidole kilipo. Mota ya hatua 200 yenye skrubu ya milimita 2 kwa mzunguko inakupa milimita 0.01 kwa hatua.

Kisha usitazame nguvu ya mwisho. Tazama mwinuko wa mstari kati ya nyutoni 0.5 na 3, wakati wa kubana tu, kamwe si wakati wa kuachia. Kopo na chupa ya plastiki vina alama ya wazi: nguvu inapanda, halafu inaporomoka ghafla ukuta unapobonyea. Mbao haifanyi hivyo.

mkono_chuma:

Nimeelewa, shukrani sana. Niongeze na sensa ya mtetemo ya kuhisi mkwaruzo? Na vitu vilivyotoka juani nifanyeje?

Mwanasensa:

Mtetemo uache kwanza. Mwaka 1987 watafiti Lederman na Klatzky walionyesha kwamba mkono wa binadamu una mwendo maalumu kwa kila sifa: kusugua kwa mkwaruzo, kubonyeza kwa ugumu, kutulia juu ya kitu kwa joto. Mwaka 2012 watafiti Fishel na Loeb, kwa kidole cha roboti chenye sensa kiitwacho BioTac, walitambua mikwaruzo 117 kwa usahihi wa asilimia 95.4, na siri mojawapo ilikuwa roboti kuchagua mguso unaofuata kulingana na vitu vilivyobaki kwenye mashaka. Kwako mpangilio ni rahisi. Kubana kunatoa sponji, kisha kunatenga jozi inayobonyea (kopo na chupa ya plastiki) na jozi isiyobonyea (kioo na mbao). Joto linamaliza ndani ya kila jozi, kwa nguvu ileile ya nyutoni 2 kila mara, maana eneo la kugusana likibadilika joto nalo linabadilika. Epuka lebo ya karatasi, shika karibu na shingo ya chupa.

Ukifundisha programu, gawa data kwa kitu, usigawe kwa mguso. Chupa ileile ikiwa kwenye mafunzo na kwenye mtihani, utapata alama nzuri ambazo chupa mpya itazifuta. Weka pia siku nzima ya joto kali kwenye mtihani pekee.

Vya juani: una vidole viwili, pasha kimoja tu. Tuseme cha moto kina 45, cha baridi 30, na chupa ya kioo imetoka juani ikiwa na 38. Pale juu panapogusana, cha moto kinashuka nyuzi 5.1 na cha baridi kinapanda 5.8. Jumlisha, gawanya kwa 15 ambayo ni tofauti ya vidole: 0.73, yaani kioo, na joto la chupa limejifuta kwenye hesabu. Themista itasoma sehemu tu ya namba hizo, lakini sehemu hiyo haibadiliki ukishika kwa muda uleule. Sharti ni ngozi za vidole vyote viwili zikatwe kwenye kipande kimoja cha silikoni.