Naomba ushauri: kusoma namba ya modeli ya kiwandani kwenye kigari cha pembeni cha Steib

Wakuu, habari zenu. Nina kigari cha pembeni cha pikipiki, cha Steib wa Nuremberg, Ujerumani, na nataka kukirudisha kilivyotoka kiwandani. Kibati chake chenye namba ya modeli kimeliwa na kutu. Herufi S inasomeka vizuri, kisha tarakimu mbili zimefutika, ya mwisho ni 0. Kwa hiyo modeli za LS 200 na TR 500 (ile BMW waliyoiuza kwa jina la Spezial) nimeshaziondoa. Nimebaki kati ya S 250, S 350 na S 500.

Tatizo ni kwamba vigari vya zamani hubadilishwa bodi na fremu, hivyo kibati peke yake sikiamini. Mnaovijua, nipime nini hasa: unene wa bomba la fremu, upana wa kiti, au nafasi za vishikio vya kuunganishia pikipiki? Na namba ya fremu huwa imegongwa upande gani? Sitaki kukwangua rangi ya zamani ovyo, maana hiyo nayo ni ushahidi. Mwenye kigari ambacho hakijaguswa anisaidie vipimo vyake kabla sijaagiza vipuri.