Wanangoja ukuta usimame ndipo waje na rangi nyekundu

Jamani, nimechoka. Jumanne asubuhi natoka kufungua geti nakuta X nyekundu, alama ya kubomoa, kwenye ukuta wangu, rangi bado inachuruzika kwenye matofali. Chini yake wameandika: SIKU 14. Hakuna barua, hakuna aliyebisha hodi.

Ukuta huu nimeujenga miezi mitano, mwezi huu tripu ya matofali, mwezi ujao mifuko mitatu ya simiti. Nilianza baada ya wezi kupenya ua wa michongoma wakaondoka na pikipiki inayolisha watoto wangu. Na sikujenga kwa kujificha! Kabla fundi hajachimba msingi nilimwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, majirani wakaja, tukaonyeshana mawe ya mpaka, akaandika barua akagonga muhuri. Nikajua yamekwisha.

Kumbe muhuri wa LC1 si kibali cha kujenga. Hayo nimeambiwa kwenye ofisi ya mipango na mtu ambaye hakuinua macho kwenye simu yake. Eti ramani ilitakiwa ipite kwenye kamati ya mipango, eti nimeingia hifadhi ya barabara. Nimeingia kiasi gani? "Utajua tukija kupima." Yaani rangi kwanza, kupima baadaye!

Sheria siipingi. Tangu ile ya mipango ya 2010, Uganda nzima ni eneo la mipango, mjini na kijijini, na ya udhibiti wa majengo ya 2013 inadai kibali kabla ya kujenga. Sawa. Lakini futi ngapi kutoka barabarani? Ukuta uende juu mpaka wapi? Pamebandikwa wapi tusome? Kwenye ubao wa kijiji chetu kuna tangazo la chanjo, basi. Na ofisa wao alikuwa akipita hapa kila wiki, mafundi wakiwa juu ya ngazi, anapunga mkono anaenda zake!

Halafu huyo tajiri wa upande wa chini ukuta wake umekula mtaro wote. Mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa mama wa chapati mpaka jikoni. Kwake hata tone la rangi hakuna.

Aliyewahi kupewa siku kama hizi aniambie: ulikata rufaa wapi? Walikuandikia vipimo? Mimi sing'oi tofali hata moja mpaka mtu aje na tepu, aivute mbele yangu kutoka katikati ya barabara, aandike namba kwenye karatasi na aweke sahihi yake.