Tupeane uzoefu: safari za familia kwa gari, tela na mahema, Tabora hadi Kigoma

Baba Kulwa
Habari zenu wakuu. Shule zikifunga Juni hii utakuwa mwaka wa tatu nasafiri na familia nikivuta tela, na natamani tusimuliane. Huku Tabora gari la nyumbani ni la msibani, harusini na kumpeleka mtoto bweni. Ukisema unakwenda kulala njiani kwa hiari yako, jirani anauliza gari limeharibika nini.

Tela langu alilichomelea fundi wa hapa mjini juu ya ekseli ya pikapu iliyokwisha. Ndani kuna godoro la nne kwa sita, madirisha mawili ya wavu, na mlango wa nyuma unaofungukia juu. Ukiutegemeza kwa mti, umepata kivuli cha jiko. Mimi na mama watoto tunalala ndani na kitinda mimba, Kulwa na Doto wanalala kwenye hema pembeni.

Safari ya kwanza nilikosea kupanga mzigo. Madumu ya maji na mtungi wa gesi niliviweka nyuma kabisa. Tumepita Urambo, mwendo umefika 70, tela likaanza kuyumba kushoto na kulia mpaka pikapu nayo ikayumba. Niliachia mafuta polepole, breki sikuigusa, likatulia. Dereva mmoja wa lori alisimama akatuelekeza: mzigo mzito ukae mbele kidogo ya ekseli ili tela lilemee gari, ukikaa nyuma, tela linanyanyua mkia wa gari na kucheza. Tukashusha kila kitu kando ya barabara tukapanga upya. Halijayumba tena.

Faida yake? Basi la Kigoma linapita kila kitu, sisi tunasimama. Mwaka jana tulisimama karibu na Malagarasi, nikawaeleza watoto kwamba njia hii ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo waliitembea kwa miguu wapagazi wa Kinyamwezi, mabegani mzigo wa karibu kilo 30. Doto alikuwa ndiyo kwanza ametua dumu la lita 20 alilolibeba kutoka kisimani. Akaliangalia lile dumu, akaniuliza, "Baba, hili ni kilo ngapi?" Nikamwambia 20. Alikaa kimya, kisha akalibeba tena mwenyewe hadi kwenye jiko, bila kuambiwa.

Ninyi mlilala wapi, na watoto walirudi na nini?

Mama Asali
Hongera sana shemeji. Sisi hatuna tela, tuna Noah na turubai. Kila likizo tunakwenda upande wa Sikonge kwa wakwe, na njiani tunalala usiku mmoja kwenye miombo, maana mume wangu ana mizinga huko. Wenye mpango wa kuingia msituni, sikieni kuhusu mbung'o: wanafuata gari linalotembea, na nguo za bluu na nyeusi zinawavuta. Mwaka wa kwanza binti yangu alivaa sweta la shule, la bluu, akarudi na mgongo umevimba kote. Sasa tunavaa kaki na rangi ya udongo, na vioo hatushushi mpaka tusimame.

Chakula chetu cha njiani ni matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga. Havichachi, havimwagiki, na watoto wanatafuna huku wanaimba. Mvua za kwanza zikianza, simameni kwa akina mama wanaouza uyoga kwa ndoo. Mimi niliwahi kununua ndoo nzima, tukaupika palepale kwa kitunguu na chumvi ya Uvinza. Baba mkwe wangu, ambaye kwa desturi hakai karibu nami, alikaa upande wa pili wa moto akaomba aongezewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami moja kwa moja. Sitausahau ule moto.

Mnyamwezi_Kwihara
Kwa wanaoanza: msiende mbali. Siku moja Kwihara, pale penye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, halafu lala bwawa la Igombe. Kitu ulichosahau nyumbani utakijua mapema.

MwanaUjiji
Baba Kulwa, karibu kwetu. Mimi nawapeleka wanangu ziwani, siyo mbali, lakini tunalala nje siku tatu na wanajihesabu wasafiri.

Julai 2024 nilimwahidi mtoto wa dada yangu kutoka Tabora kwamba ataona taa. Wasiomjua Tanganyika: usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanawasha taa kwenye mitumbwi, dagaa wanafuata mwanga, na ukikaa ufukweni unaona ziwa limekuwa mji. Tumefika, giza tupu. Nilikuwa nimesahau kwamba uvuvi ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mtoto alilia, nami iliniuma, kwa sababu nilimhadithia njia nzima. Nikamrudisha Septemba, mwezi ukiwa umekufa. Aliketi juu ya boneti na blanketi, akahesabu taa hadi 114, akasinzia. Asubuhi tukala migebuka ya kuchoma kwa ugali wa muhogo.

Kalenda ya mwezi itazameni kabla ya kufunga safari. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hawatoki.

Baba Kulwa
Mkuu, hilo la mwezi sikulijua kabisa. Napanga upya tarehe. Je, tela linafika ufukweni? Na Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe, je?

MwanaUjiji
Gombe hakuna barabara, ni boti kutoka Kibirizi, kwa hiyo tela liache mjini kwa mtu unayemwamini. Ufukweni, mchanga laini utakunasa. Simama juu kwenye ardhi ngumu, shuka kwa miguu. Na usioge wala kuweka hema karibu na maji kabla hujawauliza wenyeji wa pale pale kuhusu mamba na viboko. Ukilala kijijini, anza kwa mwenyekiti; sisi tukishapita kwake, usiku vijana wenyewe wanakuja kutuangalia, na asubuhi mtu analeta kuni.

Mama Asali
Na kurudi nyuma na hilo tela unafanyaje shemeji? Mume wangu anataka kutengenezesha letu.

Baba Kulwa
Usukani unaukata kinyume: tela likienda kushoto, mkono wako umekata kulia, kidogo kidogo, na mama watoto amesimama nyuma anaelekeza. Afanye mazoezi uwanja wa mpira Jumapili asubuhi. Na beringi azipake grisi kabla ya kuondoka. Kaliua niliwahi kushika kapu la gurudumu likaniunguza vidole, tukalala palepale siku mbili. Kulwa anaiita ndiyo safari nzuri kuliko zote, kwa sababu kulikuwa na mwembe.