Fomu ya ukumbi haikubali tarehe mbili za Idi

Mama Pacha, Leicester

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba msaada wa mwenye uzoefu. Mchana wetu wa kutengeneza mapambo pamoja na watoto wa jumuiya, wale wa kati ya miaka mitatu na minane, huwa tunaufanya Idi Mosi baada ya swala, na safari hii ofisi ya ukumbi imeirudisha fomu yetu. Fomu ina kisanduku kimoja tu cha tarehe. Niliandika tarehe mbili zinazofuatana, nikaeleza kwenye barua kwamba mwezi ukiandama ni ile ya kwanza, na usipoandama tutakamilisha thelathini na itakuwa ile ya pili. Nimejibiwa nichague moja, au nilipie zote mbili na kuweka amana ya kila siku. Juu ya hayo wametaka PLI (bima ya madhara kwa watu wengine), RA (karatasi ya tathmini ya hatari) na DBS (cheti cha ukaguzi wa rekodi za uhalifu) za wasimamizi wote, ilhali wasimamizi wenyewe ni sisi wazazi, kila mmoja akiwa ameketi na mwanawe. Je, yuko aliyeshikiwa siku mbili kwa malipo ya siku moja, na barua yake aliiandikaje? Jibu langu linatakiwa Ijumaa.

Mzee wa Luton

Waalaykum salaam, binti yangu. Sisi nasi tulidaiwa CRB, vyeti vya rekodi za uhalifu, za kila mtu mzima atakayeingia ukumbini. Ombeni mapema, kila mzazi aombe yake, na mwangalie tarehe za mwisho kwa sababu zikipita miaka mitatu hazikubaliki. PLI ni lazima kisheria, na kiwango chake ni pauni milioni tano.

Shangazi, Birmingham

Shikamoo Mzee wangu. Kwa heshima zote, maelezo haya yatawasumbua watu bure. CRB iliondoka mwaka 2012 na nafasi yake ikachukuliwa na DBS. Cheti cha DBS hakina tarehe ya kwisha; hiyo miaka mitatu ni desturi ya baadhi ya ofisi tu. Tena mzazi hawezi kujiombea kile cha daraja la juu kwa ajili ya kazi ya kujitolea, kwani huombwa na taasisi, na kwa mtu wa kujitolea hakilipiwi ada ya serikali. Bima iliyo lazima kisheria ni ELI, bima ya dhima ya mwajiri, nayo ni ya mwenye waajiriwa. PLI ni sharti la mwenye ukumbi, na anayo haki ya kuliweka, lakini tusiliite sheria. Kuhusu Ofsted, ofisi inayosajili na kukagua malezi ya watoto, usajili unahusu malezi ya watoto wa chini ya miaka minane yanayozidi saa mbili kwa siku. Pale ambapo wazazi hawaondoki na wanabaki na watoto wao, hakuna malezi ya kusajili. Dada Mama Pacha, sentensi hiyo iandike wazi kabisa kwenye barua yako.

Mjukuu wa Lamu, Cardiff

Shangazi, ongeza kwamba hayo ni ya England. Huku Wales msajili ni CIW, ofisi ya ukaguzi wa malezi ya huku, na umri unaoangaliwa ni chini ya miaka kumi na miwili. Wapo wanajumuiya wengi upande huu ambao wangeyafuata maelezo yako kama yalivyo.

Shangazi, Birmingham

Aliyeuliza anaishi Leicester, na nimemjibu wa Leicester.

Mzee wa Luton

Ninyi bishaneni kuhusu vyeti. RA ndiyo karatasi itakayosomwa kweli, na hapo nina la kusema. Andikeni kila kazi ya mikono na hatari yake. Sisi tulitengeneza kandili za karatasi: karatasi ya A4 hukunjwa katikati kwa urefu, mtoto akakata michirizi kuanzia kwenye mkunjo, akaachia upana wa kidole kabla ya kufika ukingoni, ikikunjuliwa na kuviringishwa, michirizi hutuna kwa nje na kandili inasimama. Wa miaka mitatu hawakati vizuri, kwa hiyo wapeni kazi ya kuchana karatasi za rangi na kubandika. Mshumaa halisi hatukuruhusiwa, tukanunua vile vitaa vidogo vya betri.

Mama wa Kwanza, Milton Keynes

Nawasihi mviangalie vitaa hivyo kwa makini. Vingi vinatumia betri ya kitufe, ile bapa mfano wa sarafu, na kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, hata kama betri yenyewe imeisha nguvu za kuwasha taa. Chukueni vile ambavyo kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu, au taa moja ndefu iliyotundikwa juu wasikofika, na kandili zibaki mapambo bila kuwa na kitu ndani.

Mjukuu wa Lamu, Cardiff

Kandili ni nzuri, lakini kwa maoni yangu kazi iliyowafunga watoto kwenye kiti kwa muda mrefu kuliko zote ni kanga. Tulichukua vipande vya kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, tukavifua kwanza kuondoa wanga, tukavinyoosha juu ya magazeti. Kila mtoto alianza na pindo, pande zote nne, kwa kuchapa bamia lililokatwa kwa upana, ambalo huacha ua lenye pembe. Lipanguseni utomvu kwanza, la sivyo rangi inateleza na ua halisomeki. Kisha ukafuata mji, yaani katikati ya kanga, kwa nusu ya kiazi iliyochongwa umbo la korosho. Jina, yaani maneno ya kanga, tuliliacha mwisho: mzazi alimuuliza mwanawe angependa kumwambia nini bibi, akaliandika neno lile lile alilotamka mtoto bila kulisahihisha. Binti mmoja mdogo alisema, "Bibi njoo na paka wako," na ndivyo ilivyoandikwa. Rangi ya nguo ikikauka, pigeni pasi upande wa nyuma ili isitoke kwenye maji. Zile za watoto wangu zilisafiri, na mama ameitundika moja ukutani sebuleni. Huku nje hakuna mtaa unaoingia katika Idi pamoja nawe, hakuna cherehani za jirani zinazokesha wala harufu ya udi kila mlango, na ndiyo maana mimi naona kazi hizi zianze wiki ya mwisho ya Ramadhani nyumbani, mtoto aione sikukuu inakuja kwa mikono yake mwenyewe.

Mama wa Kwanza, Milton Keynes

Umenikumbusha hina. Tutaweka meza ya hina kwa wasichana?

Bi Mkubwa, Coventry

Wekeni, na mimi nitakuja kupaka. Nitaleta na piko kidogo, kwa kuwa hina peke yake kwenye mikono ya watoto haionekani vizuri.

Shangazi, Birmingham

Shikamoo Bi Mkubwa. Piko tafadhali lisiguse ngozi ya mtoto hata tone. Ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na sheria ya hapa inairuhusu kwenye nywele tu. Ngozi inaweza kutoka malengelenge na kubaki na kovu, na mtoto akabaki na mzio wa rangi za nywele maisha yake yote. Hina ya majani iliyolala usiku mzima inatosha, na wekundu wake ukolee au usikolee ni hina vilevile.

Bi Mkubwa, Coventry

Marahaba. Tumepakwa piko sisi na mama zetu, lakini mtoto ni wa mwenziwe, nitaleta hina tupu.

Mtu wa Unguja, Reading

Mimi nashangaa kwa nini mnang'ang'ania Idi Mosi. Nyumbani sikukuu ni siku nne, na watoto walikuwa wakienda Mnazi Mmoja jioni zote nne na nguo zao mpya na mkono wa Idi mfukoni. Fanyeni Jumamosi inayofuata, tarehe iwe moja. Shida hii tunajiletea wenyewe: wengine wanafuata Saudia, wengine Moroko, wengine wanasubiri kuuona mwezi kwa macho chini ya mawingu haya, na watoto wa shule moja wanasali Idi siku mbili mbalimbali.

Mzee wa Luton

Suala la mwezi tafadhali tusilifungue tena hapa. Tulilijadili mwaka jana, na watu wawili wazuri wakajitoa kwenye orodha hii.

Mama Pacha, Leicester

Nawashukuru nyote. RA nimeiandika upya kwa kufuata maelezo yenu, kandili bila mshumaa wala betri, hina bila piko, na sentensi ya Shangazi nimeiweka juu kabisa. Kanga tutazifanya, inshallah. Jumamosi haiwezekani kwa sababu ukumbi una harusi. Bado sijapata wa kuniambia kuhusu zile tarehe mbili, na Ijumaa ni keshokutwa.

Bi Mkubwa, Coventry

Mwanangu, bamia nije nazo mimi? Na watoto watakuwa wangapi?