Faini ya kuacha barabara hifadhini ilipwe na nani: dereva, kampuni au mgeni mwenye kamera?

Dereva wa Msimu (Arusha), mleta mada

Wakuu, salaam. Nalileta hili mapema kwa sababu msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara ukishaanza hakuna anayesikiliza. Mnakumbuka Julai 2025 zilivyosambaa video za Kogatende, kaskazini mwa Serengeti: wageni wameshuka magarini, wamejipanga ukingoni na simu na kamera zao, nyumbu wanatafuta pa kupita hawapaoni. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, ikatoa tamko, mitandaoni kila mtu akageuka mhifadhi, kisha kimya.

Walioshuka siwatetei. Ninachotaka tujadili ni nani anayebeba adhabu. Serengeti sheria iko wazi: gari lisiache barabara, mgeni asishuke ila pale paliporuhusiwa. Ukikamatwa, anayebanwa ni dereva. Kuna kampuni inalipa halafu inakukata kwenye posho, na kuna nyingine inakwambia malizana nao mwenyewe. Mgeni aliyekuwa anakugonga bega "sogea kidogo, kidogo tu" anapanda ndege na picha yake.

Wageni wa picha si sawa na wageni wengine. Mgeni wa kawaida akimkuta simba kalala, dakika kumi zinamtosha, anaanza kuuliza habari za chakula cha mchana. Mwenye lenzi ya milimita 600, ile ndefu ya kuvuta mbali, anataka jua liwe mgongoni kwake, majani yasikate uso wa mnyama, na nyuma kusionekane gari jingine. Hayo matatu kwa pamoja, ukiwa barabarani, unayapata kwa bahati tu. Na ofisi ilishamwandikia kwenye ratiba kwamba siku ya nne atapiga picha za kuvuka mto. Nyumbu nao sijui walisaini wapi.

Kwa ambao hamjawahi kukaa pale mtoni: nyumbu wa mbele wanafika ukingoni, wananusa maji, wanarudi nyuma, wale wa nyuma wanawasukuma. Inaweza kuwa hivyo saa nzima, na wakati mwingine wanaahirisha kabisa. Madereva wenye adabu tunakaa mbali, injini zimezimwa, mpaka wa kwanza waingie majini na mstari ushike. Mstari ukishashika, hata ukisogea si rahisi wakatishe. Shida ni gari moja kuchomoka kabla. Nyumbu wa mbele anageuka, kundi zima linageuka naye, vumbi tupu, na magari yote yaliyokuwa yametulia yanawasha na kukimbilia kivuko kingine, maana aliyetulia ndiye aliyekosa. Wengi katika hiyo fujo si wahuni. Wanaogopa kurudi kambini na mgeni aliyenuna, kwa sababu tipu ndiyo ada ya shule, na mgeni akikuandika vibaya mtandaoni ofisi haikupangii safari.

Hoja yangu: faini iende kwa kampuni na iguse leseni yake. Mgeni aliyeshuka bila ruhusa alipe ya kwake kabla ya kutoka getini. Karibuni, matusi hapana.

Lenzi Ndefu (Moshi)

Mkuu, umetupakazia. Anayefanya kazi ya picha kwa dhati ndiye mwenye subira kuliko wote mle porini. Kumbuka ile picha ya duma watano madume, Tano Bora, wakiogelea Mto Talek uliofurika kule Maasai Mara, Kenya, Januari 2020. Aliyeipiga, Buddhilini de Soyza, aliwangojea wale duma saa kadhaa wakitafuta pa kuvukia, akiwa na hofu kwamba watakufa maji. Hakuwafukuza waingie mtoni. Picha ikatambuliwa kwenye shindano la 2021 la Makumbusho ya Historia Asilia ya London, ambako sheria zao zinakataza kumsumbua mnyama kwa ajili ya picha. Wanaochomoka ni wa simu, wanaotaka video ya sekunde kumi na tano wairushe usiku huohuo. Mimi nikiwa na kifuko changu cha maharage cha kuegemezea kamera dirishani naweza kukaa na chui mpaka dereva aanze kusinzia.

Binti wa Talek (Narok)

Ndugu yangu, subira ni nzuri, lakini magari thelathini yenye subira kumzunguka duma mmoja bado ni magari thelathini.

Huku Maasai Mara sheria tunazo za kutosha: magari yasizidi 5 kwa mnyama, mita 25 kutoka alipo, na kama wengine wanangoja unakaa dakika 10 unaondoka. Sasa njoo uone saa moja asubuhi redio ikishatangaza "duma na watoto". Wa sita anasema anapita tu. Wa saba anasema mgeni wake anaumwa mgongo hawezi kurudi tena.

Na madhara yamepimwa. Mtafiti Femke Broekhuis alifuatilia duma wa Mara, matokeo yakatoka 2018. Kwenye maeneo yenye watalii wengi, jike alikuza kwa wastani mtoto 0.21 kwa kila uzao hadi kujitegemea. Penye watalii wachache, 2.32. Duma huwinda mchana na kwa macho. Anapanda kichuguu, anawaona swala tomi, anajilaza kwenye majani aanze kunyatia, halafu gari linakuja kukaa katikati. Swala wanainua vichwa. Imeisha. Anaanza upya kwingine, na watoto amewaacha nyuma wana njaa.

Kwa hiyo mimi faini hainishughulishi sana, iwe ya dereva au ya kampuni. Punguzeni magari. Hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, kama Olare Motorogi, zilianza na hesabu ya hema moja kwa kila ekari 700. Vitanda vikiwa vichache, magari nayo ni machache, na wenye ardhi wanalipwa kodi.

Lenzi Ndefu

Dada, utafiti huo naufahamu. Mtafiti mwenyewe hakusema ameona magari yakiua watoto. Alisema athari huenda inapitia njia nyingine.

Binti wa Talek

Ndiyo, na njia yenyewe nimekueleza hapo juu. Kufa kwa njaa si kufa?

Magari Mawili (Njiro, Arusha)

Mleta mada, wewe unaongea kama kila kampuni ina jengo la ghorofa. Mimi nina magari mawili, moja bado nalilipia benki. Dereva wangu nimempa maelekezo kwa maandishi. Akiwa Kogatende na mimi niko Njiro, nitajuaje kama kakata pori? Ukigusa leseni, mkubwa mwenye magari sitini analipa faini na maisha yanaendelea, mimi nafunga. Na huko kwa hema moja ekari 700, dada yangu, bei yake anaimudu nani? Tutabaki na wageni wa kuja kwa ndege ndogo peke yao.

Shutter ya Nanyuki

Nachomekea nje ya mada kidogo, mnisamehe. Mnazungumza kana kwamba mwenye kamera lazima awe mgeni. 2019 dunia nzima ilitangaziwa chui mweusi wa Laikipia, aliyepigwa na Mwingereza Will Burrard-Lucas kwa kamera za kutegesha, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, kazi nzuri sana sikatai. Vyombo vingine vikaandika kwamba ni picha za kwanza Afrika kwa takriban miaka 100. Phoebe Okall wa gazeti la Nation alikuwa na picha ya chui mweusi wa hukohuko Laikipia tangu 2013. Mkipanga kupunguza magari, fikirieni na sisi vijana wa hapa tunaochangia gari watu sita. Tusije tukawa wa kwanza kufungiwa geti.

Dereva wa Msimu

Shutter, hilo lina uzito, lifungulie uzi wake, nitakuja kuchangia.

Lenzi, nilitaja wageni wa picha kwa sababu ndio wanaolipia zaidi kupata gari peke yao, na anayelipa zaidi anasikilizwa zaidi. Wa simu wapo na wanaudhi, nakubali.

Binti wa Talek, kupunguza magari sawa, ila nani ataanza? Tangu 2024 Mara mgeni kutoka nje analipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, na wewe mwenyewe unatuhadithia wa sita na wa saba. Bei haijapanga foleni. Mimi ningependa zamu vivukoni, askari mmoja mwenye redio akiita magari kwa namba, wengine wangoje nyuma.

Magari Mawili, kwako nina jambo moja. Ndutu, upande wa Ngorongoro, kwa miaka mingi gari limeruhusiwa kuacha njia nyumbu wanapozaa. Ukivuka tu kuingia Serengeti hairuhusiwi, na mpaka wenyewe kwa macho huuoni, nyasi ni zilezile. Mgeni jana kafika hadi pembeni ya duma, leo namwambia hatuendi, anaona dereva mvivu. Ofisi gani inamweleza hilo kabla hajalipa? Ndiyo maana nasema kampuni. Maelekezo kwa maandishi mnampa dereva. Mgeni mnampa picha za matangazo, duma kajaa fremu nzima.

Magari Mawili

Matangazo nitabadilisha kesho wakibadilisha na wenzangu. Mwaka juzi niliandika kwamba kuvuka mto si ahadi, mteja akaniuliza mbona kampuni nyingine wamemhakikishia, akaenda huko. Leteni hiyo ya zamu vivukoni, hiyo naiunga mkono hata iwe ya kulipia. Leseni yangu niachieni.

Binti wa Talek

Zamu za kulipia? Basi mwenye dola nyingi ndiye atakuwa namba moja kila siku. Hapo bado hatujaelewana.