Local Guide wa nyota tano au mgeni mwenye hasira: nimwamini nani?

Kijana wa Kihonda

Habarini wakubwa. Mwezi wa nane nataka kumpeleka mama Zanzibar. Hajawahi kuvuka bahari, umri umepita sitini, magoti yanamsumbua, na ameshasema hataki hoteli ya kifahari. Anataka kulala akisikia mawimbi na asubuhi aingie majini. Hela tumechanga mimi na mdogo wangu, kwa hiyo hatuna ya kuchezea.

Nimebakiwa na nyumba mbili za wageni, zote Jambiani, bei zinakaribiana. Kwenye ramani ya Google ya kwanza ina 4.8, ya pili ina 4.3. Ningechukua ya kwanza nikalala, shida imeanza niliposoma maoni. Kuna jamaa Local Guide (cheo ambacho Google inawapa wanaoandika maoni kwenye ramani yake) wa ngazi ya 7, kaipa nyota tano hiyo ya kwanza: "Mahali pazuri sana, huduma nzuri, chakula kizuri, nitarudi tena." Chini yake kuna mtu ambaye tangu azaliwe kaandika maoni hayo tu, nyota moja: maji ya bafuni yana chumvi, umeme ulikatika usiku, na bahari "haikuwepo". Waliobaki karibu wote wanamsifia mhudumu mmoja kwa jina.

Nimwamini yupi? Mwenye ngazi ya juu si ndiye mzoefu?

Chuma cha Reli

Usimwamini yeyote. Mwaka 2017 kule London mwandishi mmoja, Oobah Butler, alisajili banda la bustani alilokuwa anaishi kama mgahawa kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri. Marafiki wakamwaga maoni, picha za "chakula" kazipiga kwa povu la kunyolea ndevu. Mgahawa ukapanda kutoka chini kabisa, kati ya migahawa zaidi ya 18,000, mpaka nafasi ya kwanza, na hakuwa amemlisha mteja hata mmoja. Wewe piga simu, lipa ukifika.

Mapokezi Mstaafu

Salama ndugu yangu, na hongera kwa kumfikiria mama.

Mimi nimekaa mapokezi miaka mingi kwenye hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja, na kazi niliyotupiwa ni kujibu maoni ya wageni. Kwa hiyo haya mambo nimeyaona nikiwa upande wa ndani wa kaunta.

Kwanza hiyo ngazi ya 7. Ni hesabu ya pointi. Ukiandika maoni unapata 10, yakizidi herufi 200 unaongezewa 10, picha moja 5. Zikifika 5,000 uko ngazi ya 7. Hakuna anayekuuliza risiti wala ulilala chumba namba ngapi. Mtu anaweza kuzikusanya akiwa kwenye foleni ya mafuta, anapiga picha mabango. Inaonyesha kwamba ana bidii, basi.

Sasa huyo wa nyota moja. Mimi naamini kwa asilimia zote kwamba alifika pale, na kinachonifanya niamini ni hilo neno lake, "bahari haikuwepo". Jambiani maji yakikupwa huondoka kweli, yakaenda mbali kuelekea kwenye mwamba, ukabaki mchanga na vidimbwi. Mgeni ambaye hakuambiwa anaamka asubuhi, anafungua dirisha, bahari hana. Sasa mshindani wa biashara anayetaka kuichafua nyumba ya jirani hawezi kuandika hivyo, maana mshindani ni mtu wa Jambiani na anajua bahari imekwenda wapi na inarudi saa ngapi. Yeye ataandika "wezi, wachafu, usije", halafu akuelekeze kwingine. Wengine huweka picha ya vijiti na kamba ufukweni, wanalalamika uchafu. Yakhe, lile ni shamba la mwani! Kina mama wa huku wanalima hivyo tangu 1989. Malalamiko ya namna hiyo yananihakikishia kwamba mtu kaja kwa miguu yake.

Lakini kuamini kwamba alifika hakunilazimishi kufuata hukumu yake. Maji ya visima vya ufukweni kuwa na chumvi ni jambo la kweli na la kawaida, umpime mama kama atalivumilia. Umeme kukatika usiku mmoja, sisi tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuhesabu hiyo kuwa habari. Uliza tu kama wana jenereta.

Hao wanaomtaja mhudumu ndio wanaohitaji kusomwa taratibu. Hoteli moja niliyofanya kazi, kila aliyetajwa kwenye maoni alipata kitu kidogo mwisho wa mwezi. Sasa mfikirie mgeni: kashika begi, teksi inanguruma nje, na kijana aliyemhudumia muda wote kasimama mbele yake na simu imefunguliwa tayari, "dada, usinisahau jina." Ataandika nini? Na hatakuwa mwongo, kijana alimtendea wema. Ila godoro hajaligusa, choo hajakigusa, kelele za usiku hajazigusa. Sifa zile ni za kijana, nyumba haimo.

Ushauri wangu ni huu. Bonyeza jina la mwandishi, yatokee yote aliyoandika kwingine, kisha tafuta mahali ambapo wewe mwenyewe unapajua. Wewe mtu wa Morogoro, tafuta aliyeandika kuhusu Morogoro. Kama alichokisema kule ndicho unachokijua wewe, mfuate mpaka Jambiani. Kama hamkubaliani kule, hata huku hamtakubaliana, awe ngazi ya 7 au ya 10.

Dada wa Kizingo

Mapokezi, kwa heshima zote, mimi ni Local Guide ngazi ya 8, wa Mombasa, na sipigi picha mabango kwenye foleni. Sehemu zote nimekula na kulala kwa pesa yangu.

Ni kweli karibu zote nimezipa nne au tano, na nitawaambia sababu. Mji huu tunajuana. Niliwahi kuandika nyota mbili kwa mkahawa mmoja, samaki alikuwa ameshaanza kunuka. Jina langu liko pale wazi na picha yangu. Siku ya tatu mwenye mkahawa alikuwa ameshapata namba yangu kupitia kwa shemeji, na yeye hata hakupiga kugombana. Alipiga kulia, kwamba mpishi atafukuzwa. Tangu hapo pazuri naandika, pabaya nanyamaza. Sijadanganya mtu.

Na wewe kijana, angalia Booking pia, ile tovuti ya kuweka nafasi za hoteli. Kule anaandika tu aliyeweka nafasi kupitia kwao na kulala. Shida yake wenyeji wengi tunalipa kwa simu moja kwa moja, kwa hiyo utasoma zaidi wageni wa nje, na mgeni wa nje hajui bei ya pweza.

Mapokezi Mstaafu

Dada yangu, nisamehe kama nimekugusa, na nakushukuru kwa hiyo simu ya mkahawa, maana umefungua mlango ambao mimi niliupita. Kumbe mtu wa kunyamaza naye anasomeka. Kama kawaida yako unataja samaki, kitanda, choo na mandhari, halafu mahali fulani umesifia samaki na mandhari peke yake, mimi nitauliza kitanda kimekwenda wapi. Ila inanibidi niwe nimekusoma sana kabla. Kwa mtu wa sentensi mbili haifanyi kazi.

Kijana wa Kihonda

Nimefanya alivyosema Mapokezi, na jana usiku nimecheka peke yangu. Yule wa ngazi ya 7 amepita Morogoro kweli. Kaipa nyota tano stendi, kituo cha mafuta, mashine ya kutolea pesa, na kote "huduma nzuri, nitarudi tena". Hata hospitali kaandika nitarudi tena.

Wa nyota moja hana kwingine alikoandika, kwa hiyo sina pa kumpimia.

Ila kwenye ile nyumba ya pili, ya 4.3, nimekuta mama mmoja aliyetoa nyota tatu. Mwanzo nilimruka kwa sababu ya hizo tatu. Kumbe aliwahi kulala gesti moja huku kwetu ninayoijua vizuri, jirani na kazini kwangu, na kaandika maji ya moto yanakatika saa moja asubuhi na chumba cha nyuma kinapata moshi wa jikoni. Ni kweli tupu, nimewahi kuwalaza wageni pale wakalalamika hivyo hivyo. Kwa Jambiani ameandika alikwenda na mama yake mzazi, vyumba vya juu ngazi zimesimama sana na hazina cha kushikilia, wakahamishiwa chini bila kuongezwa hela. Nyota kapunguza kwa sababu ya ngazi hizo na kifungua kinywa kuchelewa. Mwenye nyumba kamjibu: "Tumeweka mkono wa ngazi, karibu tena." Mwaka jana hiyo.

Chuma cha Reli

Huyo mwenye nyumba kajibu kama mtu. Wengi wanabandika "asante kwa maoni yako" kwa anayesifu na kwa anayetukana. Hata hivyo mkono wa ngazi aupige picha akutumie.

Mapokezi Mstaafu

Huyo mama mshike. Katika habari ya magoti hakuna atakayekuambia zaidi yake. Kwenye chakula usimtegemee sana, hajasema kitu zaidi ya kuchelewa.

Lililobaki hakuna mwandishi wa maoni atakayekusaidia, kwa sababu kila mmoja alikuja na tarehe yake. Mama anataka kuoga asubuhi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, huku maji hupwa sana mnamo saa nne, saa tano ya asubuhi, ndiyo saa yenyewe anayoitaka. Mpeleke siku za maji mafu, tuseme siku ya nane au ya tisa tangu mwezi kuandama. Asubuhi hizo maji yanakuwa yamejaa na hata yakitoka hayaendi mbali. Mwezi wa nane kusi inavuma, ufukweni kuna upepo, abebe kitu cha kujifunika. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, bahari haiondoki kama huku, lakini kuna muziki usiku, na wewe umesema anataka mawimbi.

Ukipiga simu usiulize kama ni pazuri, watasema pazuri. Uliza chumba cha chini kipo na kina kizingiti cha urefu gani bafuni.

Kijana wa Kihonda

Nimepiga. Chumba cha chini kipo kimoja, kizingiti kaniambia kinafika kwenye kifundo cha mguu, picha ya ngazi katuma palepale bila kuulizwa mara mbili. Anataka nusu ya malipo kwanza. Ni sawa?

Mapokezi Mstaafu

Mwezi wa nane wageni ni wengi, nusu ni jambo la kawaida. Lipia kwenye namba ya biashara, jina litakalotokea lifanane na la nyumba, na akutumie ujumbe wenye tarehe na neno "chumba cha chini". Chuma cha Reli atanuna, lakini ukingoja kulipa ukifika hicho chumba kimoja utakuta mtu keshalala.